Tundu la Waya katika Buloni: Lilinde Mashine, Lisikunyime Jicho



Mwezi huu ukurasa wetu unazungumza juu ya kitu kidogo sana: tundu lenye upana wa milimita moja na nusu. Ni lile tundu ambalo fundi wa ateliye analitoboa katika kichwa cha buloni, au katika pembe ya ekru, ili apitishe waya wa kuzuia isilegee. Wenzetu wa Tanzania wanasema bolti na nati. Sisi hapa tunasema buloni na ekru. Jina si kitu. Kazi ni moja, na hatari ni moja.

Labda utauliza: mtu wa dispanseri anatafuta nini katika mambo ya buloni? Jibu ni rahisi. Buloni iliyolegea inaniletea wagonjwa. Na buloni inayotobolewa vibaya inaniletea wagonjwa vilevile. Kwa hiyo tuzungumze juu ya zote mbili.

JICHO LA NDUGU MMOJA

Ndugu mmoja wa ateliye alikuja dispanseri Jumatatu asubuhi. Jicho la kuume limevimba, jekundu, linatoa machozi. Ameniruhusu nieleze habari zake bila kutaja jina, ili wengine wajifunze.

Ijumaa mchana alipewa kazi ya kutoboa buloni mbili za pompi. Miwani ya kazi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, hatua tatu kutoka mahali aliposimama. Akasema moyoni: "Ni matundu mawili tu." Tundu la kwanza likapita salama. Katika tundu la pili meshi ikakatika, na akahisi kitu kama chembe ya mchanga katika jicho. Akasugua. Akamaliza kazi, akarudi nyumbani.

Jumamosi jirani akamshauri atie maziwa ya mama anayenyonyesha. Akatia. Jumapili hakuweza tena kutazama mwanga wa mlango. Jumatatu nikakuta kipande cheusi, kidogo kama ncha ya sindano, kimekwama mbele ya mboni, na kutu imekizunguka kama duara. Usaha ulikuwa umekwisha kuanza. Tulimpeleka upesi kwa daktari wa macho. Kipande kilitolewa, usaha ukakauka, lakini kovu limebaki.

Leo, akifunika jicho la kushoto, anaona watu kama vile wanatembea ndani ya ukungu. Ndugu huyu alikuwa anangoja mtihani wa kuendesha mashine ya kupakia mawe. Kazi hiyo inataka macho mawili mazima. Hakuipata.

Buloni zake mbili zimefungwa vizuri, na pompi inafanya kazi. Lakini kwa matundu mawili alilipa bei kubwa mno, na miwani ilikuwa hatua tatu tu.

TUNDU HILI LINA KAZI GANI?

Mtazame mtu wa chukudu anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Njia ni ya mawe, gurudumu linatetemeka saa nzima. Mtu mwenye akili husimama mara kwa mara na kupapasa ekru ya gurudumu. Anajua kwamba mtetemeko unailegeza kidogokidogo, hata kama hakuna mkono ulioigusa.

Mashine zetu ni vilevile. Konkasere inapiga mawe mchana kutwa. Chekecheke la mawe linatikiswa kwa makusudi. Kamioni zinapita juu ya mawe yaliyomwagwa na Nyiragongo. Volkano hiyo ilimwaga moto mwaka 1977, tena 2002, tena 2021, na barabara nyingi za Goma zimekaa juu ya mawe hayo.

Kwa nini ekru inalegea? Tukikaza buloni, inavutika kidogo kama mpira mgumu, na mvuto huo ndio unaobana vipande viwili pamoja. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alieleza jambo ambalo mafundi wengi walikuwa hawajalifahamu vizuri: kinacholegeza ekru zaidi ni vipande viwili kuteleza kidogo upande kwa upande. Kila mara vinapoteleza, nyuzi za buloni zinaachiana kidogo, na ekru inajizungusha yenyewe nusu ya unywele. Mara elfu, mara elfu kumi, na mwisho ekru inaanguka.

Waya unazuia mzunguko huo. Unapita katika tundu la buloni ya kwanza, unasokotwa, unapita katika tundu la buloni ya pili. Ukifungwa vizuri, buloni moja ikitaka kulegea inavuta mwenzake upande wa kukaza. Zinalindana kama ndugu wawili.

Lakini sikia vizuri: waya haukazi buloni. Unashika tu ile iliyokwisha kukazwa. Ukifunga waya juu ya buloni iliyolegea, umeifunika hatari kwa nguo nzuri.

EKRU MOJA INAWEZA KUUA

Tarehe 10 Mei 2002, huko Uingereza, treni iliyotoka London ilitoka relini kwenye stesheni ya Potters Bar. Watu 7 walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba ekru za mahali reli zinapogawanyika zilikuwa zimelegea na nyingine zimetoka.

Tarehe 20 Agosti 2007, ndege ya China Airlines ilitua salama Naha, nchini Japani. Ilipokwisha kusimama ikawaka moto. Ndani ya bawa, ekru ilikuwa imeachana na buloni yake, na buloni ile ikatoboa tangi la mafuta. Watu wote 165 walitoka wakiwa hai, lakini ndege ikateketea.

Tuje kwetu. Wengi wanakumbuka miaka ya 2000, wakati kasiteriti ya Bisie ilipotoka msituni juu ya migongo ya watu, kisha ndege ndogo zikatua juu ya barabara huko Kilambo, karibu na Walikale, zikaipakia na kuileta Goma. Katika ndege, buloni nyingi za motere hufungwa kwa waya, na fundi huzikagua moja moja, kwa sababu angani hakuna mahali pa kusimama na kukaza.

Katika ateliye ya mgodi, ndani ya difa ya mashine za zamani, katika pompi na katika visanduku vya vitese, utakuta buloni za namna hiyo. Ikilegea moja tu, inaanguka katikati ya meno ya chuma. Ndipo kamioni inakataa kusimama mtelemkoni, na abiria wake ni sisi.

SI KILA BULONI INATOBOLEWA

Kwanza, uliza kama iko buloni iliyotobolewa kiwandani. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, kwa kuwa haitaki meshi wala haitaki jicho lako.

Pili, buloni ya freni, ya usukani, ya gurudumu na ya kuinulia mizigo usiitoboe kwa akili yako mwenyewe. Mwulize shefu wa ateliye. Kila tundu linaondoa chuma, na mahali palipoondolewa chuma pana udhaifu.

Tatu, toboa kichwa cha buloni tu. Usitoboe shingo yake, yaani mahali kichwa kinapoungana na mwili. Hapo ndipo nguvu zote zinapopita, na ufa huanzia hapo.

Nne, soma namba zilizoandikwa juu ya kichwa: 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ikiwa kubwa, chuma ni kigumu zaidi, na meshi hukatika upesi zaidi. Wako watu wanaochoma buloni ngumu motoni ili ilainike. Ni kosa kubwa! Buloni iliyochomwa inapoteza nguvu zake. Kwa macho inafanana na nyingine, lakini si ileile tena.

NAMNA YA KUTOBOA BILA KUUMIA

1. Vaa miwani ya kazi yenye kinga za pembeni. Miwani ya kusomea haitoshi. Msaidizi anayeshika taa naye avae, kwa sababu kipande cha meshi hakichagui jicho la nani.

2. Vua glavu. Wengi wanashangaa wakisikia hivi. Glavu ni rafiki wa mtu anayebeba chuma, lakini ni adui wa mtu aliye mbele ya meshi inayozunguka. Meshi ikishika uzi mmoja wa glavu, inavuta glavu, na glavu inavuta kidole. Vua pia pete na saa, na ufunge mikono ya shati.

3. Funga buloni katika eto, ile koleo kubwa iliyokazwa mezani. Usiishike kwa mkono, wala kwa koleo ya mkononi. Meshi ikikwama, buloni inazunguka kama panga la ndege na kukata vidole. Weka vipande vya shaba au vya aluminiumu kati ya meno ya eto na buloni, ili nyuzi zisiharibike.

4. Pigia alama kwa msumari wa chuma wenye ncha kali. Meshi nyembamba inapokutana na chuma kilichoinama bila alama, inateleza, inapinda, inakatika. Hiyo ndiyo habari ya ndugu yetu. Kama kazi ni nyingi, omba kibao cha chuma chenye tundu la kuongoza meshi.

5. Chagua meshi ya kiasi. Kwa waya wa milimita 0.8, tundu la milimita 1.2 hadi 1.5 linatosha. Acha chuma cha kutosha kati ya tundu na pembe, la sivyo pembe itapasuka waya ukivutwa. Katika ekru, tundu lipite katika pembe, lisiingie katika nyuzi za ndani.

6. Meshi itokeze kwa ufupi katika mashine. Ikitokeza kwa urefu inapinda kama unyasi.

7. Meshi nyembamba inataka mbio nyingi na mkono mwepesi. Kwa milimita 1.5, mizunguko 2000 hadi 4000 kwa dakika, kulingana na ugumu wa chuma. Usisukume kwa hasira.

8. Tia mafuta ya kukatia. Toboa kidogo, inua meshi, acha takataka zitoke, tia mafuta, endelea. Karibu na mwisho punguza nguvu zaidi, kwa maana meshi nyingi hukatika zinapotokeza upande wa pili.

9. Zima mashine na ungoja isimame kabisa kabla ya kugusa kitu. Ondoa takataka za chuma kwa burashi. Usizipulize kwa mdomo, wala kwa hewa ya kompresa.

10. Lainisha midomo ya tundu pande zote mbili. Mdomo mkali unakata waya kama wembe, na kazi yako yote inakuwa bure.

KUFUNGA WAYA

Kabla ya kuingiza mkono katika mashine, hakikisha imesimama, umeme umekatwa na kufuli imetiwa. Kaza buloni kwa ufunguo wa kupimia nguvu. Kama matundu hayaelekeani vizuri, usirudishe buloni nyuma ili waya upite. Tafuta buloni nyingine.

Tumia waya mpya kila mara. Waya uliokwisha kusokotwa umechoka. Upitishe namna ambayo utavuta upande wa kukaza. Usokote vizuri, misokoto kama mitatu kwa kila sentimita kwa waya wa milimita 0.8. Ukisokota kidogo, unacheza. Ukisokota kupita kiasi, unakatika.

Unapokata ncha, ishike kwa mkono mwingine au ifunike, kwa sababu kipande kinaruka. Miwani bado iko usoni! Kisha pinda ncha iingie ndani. Ncha iliyoachwa wazi inamngojea mwenzako wa zamu ya usiku, anayepapasa gizani.

KIPANDE KIKIINGIA JICHONI

Acha kazi palepale. Usisugue. Ukisugua unakishindilia.

Kama ni vumbi tu, nawa mikono, kisha osha jicho kwa maji safi mengi, huku unapepesa. Likitulia kabisa, vizuri.

Kama kitu kimekwama, usikitoe kwa kiberiti, kwa pembe ya leso wala kwa ulimi wa rafiki. Njoo dispanseri siku hiyohiyo. Chuma hutia kutu ndani ya jicho kabla ya siku kupita.

Kama meshi ilikatika, au kipande kiliruka kwa nguvu, fikiri kwamba huenda kimepenya ndani. Hapo usioshe kwa nguvu na usikandamize jicho. Lifunike kwa kifuniko kigumu, kama kikombe kidogo cha plastiki, kiegemee mfupa na kisiguse jicho. Mtu aletwe mara moja, na asubuhi isingojewe.

Usidanganywe na kukosa maumivu. Kipande kidogo chenye mbio kinaweza kupenya na kukaa ndani bila kuuma sana. Kutu yake hulitia jicho sumu polepole, na baada ya miezi au miaka mtu anashangaa kwamba haoni. Kwa hiyo sema kweli ukifika kwetu: "Nilikuwa ninatoboa chuma." Maneno hayo yanatusaidia kuliko dawa nyingi.

Usitie maziwa ya mama, maji ya majani, asali wala mkojo. Usitie dawa ya macho iliyobaki kwa jirani. Dawa nyingine zinaondoa wekundu lakini zinaacha vijidudu vile chini, na jicho linaoza huku mtu anafikiri kwamba linapona.

NCHA IKICHOMA KIDOLE

Tundu la waya katika kidole ni dogo, na ndiyo sababu watu hulidharau. Lakini kidudu cha pepopunda kinakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na kinapenda jeraha la kina lisilopata hewa. Si lazima waya uwe na kutu.

Acha damu itoke kidogo, osha kwa maji na sabuni, njoo tuangalie karatasi yako ya chanjo. Mtu mzima ambaye hakuchanjwa kamwe anahitaji sindano tano: ya kwanza, ya pili baada ya majuma manne, ya tatu baada ya miezi sita, kisha mbili nyingine, kila moja baada ya mwaka. Usikomee ya kwanza. Na kama kidole kinavimba, kinapiga kama moyo, au mstari mwekundu unapanda mkono, njoo usiku huohuo.

KWA MAMA NA WATOTO

Mama, ukiona baba amerudi na jicho jekundu, usimwache aseme, "Si kitu, litapoa." Ndugu yetu alisema hivyo siku mbili nzima. Mwandalie nguo na mlete wewe mwenyewe. Katika habari hizi mama anaokoa macho mengi kuliko mganga.

Nguo za kazi zikung'utwe nje kabla ya kuoshwa, mbali na mkeka wa mtoto. Vipande vya chuma vinakaa katika mikunjo ya suruali na katika mifuko. Wewe mwenyewe, mama, fua ukikumbuka vidole vyako.

Na baba, usilete nyumbani mabaki ya waya. Tunajua watoto wa Goma ni mafundi hodari wa kutengeneza vigari. Lakini waya huu ni mgumu, unaruka kama mshale ukikatwa, na jicho la mtoto liko karibu sana na mikono yake.

TUMALIZE

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Buloni iliyolegea ni ufa. Tundu na waya ndivyo vinavyouziba. Lakini usiuzibe ufa wa mashine kwa kufungua ufa katika mwili wako.

Ndugu yetu sasa anafanya kazi ya kutoa vyombo katika stoo ya ateliye. Kila anayekuja kuomba meshi nyembamba, yeye anamwuliza kwanza: "Miwani yako iko wapi?" Asiyekuwa nayo usoni hapewi meshi, hata akiwa shefu. Wengine walikasirika mwanzoni. Siku hizi wanafika wakiwa wameivaa tayari.

Wewe nawe jiulize swali lake kabla ya kuwasha mashine, hata kama ni matundu mawili tu.

Usalama kwanza, kazi inafuata!